Kamera Ilikuwa Inawaka

Shangazi Parashkeva, salamu nyingi kutoka Dolna Krusha. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, kwa kawaida watu ndio wanaonitafuta mimi wakiwa na harusi, lakini safari hii nimekwama na naomba unikwamue, maana kati yangu mimi na filamu nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa upande huu wa Danubi limesimama jambo moja tu, na jambo lenyewe ni mpwa wangu.

Kwanza nikueleze mimi ni nani, usije ukadhani unazungumza na mtu wa kubahatisha. Naitwa Gancho, nina miaka hamsini na nne, shule niliiachia darasa la saba kwa sababu mwalimu wa fizikia alikuwa ananiogopa, kazi yangu ni kuziba matairi, ila ukiuliza wilaya nzima watakuambia Gancho ni kamera. Nimerekodi harusi mpaka nimesahau hesabu. Iko moja betri ilikufa kabla padri hajafungua kinywa, nami nikaendelea na kamera begani mpaka keki inakatwa, nazunguka, napiga goti, nawaambia “hapo hapo, msitikisike,” kwa sababu sikutaka kuwaharibia furaha yao, na bwana harusi mpaka leo akinikuta barabarani ananishika mkono kwa mikono miwili anasema siku ile nilitoka jasho kuliko wapiga ngoma.

Kamera yangu ni ya mtumba, niliinunua kwa mpiga picha wa mjini aliyekuwa anahamia Ujerumani. Iliwahi kuniponyoka mtoni nikiwa ndani ya boti, ikakaa chini ya Danubi muda wa mtu kuvuta sigara mbili, nikaizamia mwenyewe, nikaianika darini pamoja na pilipili, na ilipokauka ikawaka vizuri kuliko kabla. Lenzi ni ya kamera ya zamani ya Kirusi aliyoniachia baba, nimeiunga kwa pete niliyochonga kutoka kwenye kifuniko cha chupa ya matango, na inatoa ukungu fulani pembeni mwa picha ambao wenye lenzi za bei mbaya wanautafuta hawaupati. Reli ya kusogezea kamera sina, nina kigari cha mtoto, na siri ya kigari ni hewa ya magurudumu, ukijaza sana picha inarukaruka, ukipunguza inaenda kama inateleza juu ya siagi, na hilo hawalijui wasomi wa filamu, analijua mtu wa matairi. Taa sina pia, nina jua na kipande cha yale mabamba meupe ya povu wanayobandika ukutani nyumba isiingie baridi, unalielekeza usoni kwa mtu na mtu anang'aa kama mtakatifu.

Sasa, kijiji cha jirani yuko kijana anaitwa Svilen, ana droni na kamera yenye mdomo kama mzinga. Alikuja karakanani kwangu tairi limepasuka, akaiona kamera yangu juu ya meza, akaniuliza mbele ya watu:

“Mzee Gancho, hiki ndicho cha kupimia upepo wa tairi?”

“Hiki ni cha kupimia watu,” nikamjibu. “Sogea nikupime.”

“Nipime sikukuu ya Bikira, mbele ya kijiji kizima. Ukionyesha filamu hata ya dakika kumi nitavua kofia.”

“Njoo na kofia mbili,” nikamwambia.

Basi nikashika kazi. Filamu yenyewe ni fupi na haina gharama, nimeitunga mimi. Mzee mmoja anaamka asubuhi anaenda kituo cha basi, anakuta kwenye nguzo tanzia yake mwenyewe, picha yake, ukingo mweusi, msalaba, kila kitu, kama tunavyobandikiwa sote siku ikifika. Hapigi kelele. Anarudi kwake, anakaa kwenye benchi nje ya lango, anangoja aone nani atakuja kumlilia. Wapita njia wanapita. Mwisho anatokea rafiki yake mmoja wa zamani waliyekosana naye, anasimama pale, na mzee anamwambia, “Umechelewa, lakini benchi lina nafasi.” Rafiki anakaa. Imekwisha. Nilipomsomea mke wangu alizima jiko akaja kukaa, na yeye hazimi jiko kwa ajili ya mtu.

Mzee nilimchukua shemeji yangu Tsanko, mume wa marehemu dada yangu, kwa sababu ana uso ambao kamera inaupenda, umekunjamana kama shamba baada ya mvua. Nilitaka kumpa jina la filamu, akakataa katakata. “Ukiniita jina la mtu mwingine sigeuki,” akasema, na kweli siku ya kwanza nilimwita nusu saa hakugeuka. Basi kwenye tanzia nikaandika jina lake mwenyewe, Tsanko Velichkov, na picha yake ya kitambulisho, nikachapisha tatu. Moja nikaibandika nguzo ya kituo cha basi hapa kijijini, ya pili mlango wa duka la mkate la Yordanka, ya tatu nikaipeleka stendi ya mjini, kwenye ule ubao ambapo hubandikwa zote, kwa sababu nilitaka picha moja ya watu wengi wanapita bila kusimama, na niliipata, nzuri ajabu.

Zile za kijijini nilibandika Jumamosi alfajiri duka halijafunguliwa, nikapiga picha kwenye ukungu wa mto, na sikuzibandua kwa sababu mtu wa kazi hii anajua kwamba kesho yake jua likija upande mwingine itabidi urudie, na karatasi ukiibandua haikai tena vilevile. Tukaondoka mimi na Tsanko kwenda shamba la mizabibu kupiga sehemu nyingine, tukashinda huko. Na hapa ndipo sauti inapoingia. Kinasa sauti sina, kwa hiyo simu ya Tsanko naiweka ndani ya shati lake na kitufe cha maikrofoni nakichomeka kwenye kola, na simu yangu naifunga kwenye fimbo ya ufagio inase upepo na ndege, na zote mbili nazikata mtandao zisije zikalia katikati ya maneno, kisha jioni nazichukua zote nyumbani kwangu kuhamisha sauti. Sauti yangu ni safi, Shangazi, unamsikia mtu anavyomeza mate.

Jioni nilipomrudisha Tsanko tulikuta langoni kwake maua, mishumaa, na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari juu, ile ya msibani. Tsanko akaonja ngano. “Huyu ni Yordanka,” akasema, “anabania sukari hata kwa marehemu.” Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Jumapili asubuhi akakaa kwenye benchi lake na wazee wakaanza kupita.

“Tsanko, umekufa au hujafa?”

“Bado naangalia hali ya hewa.”

“Basi nirudishie maua yangu, nina mgonjwa mwingine.”

Na mimi napiga picha tu, nasema moyoni, Gancho, hii ni zawadi, hata Svilen mwenye droni hajapata kitu kama hiki.

Kumbe Jumamosi ile ile Yordanka alikuwa ameipiga picha ile karatasi mlangoni kwake akamtumia Zornitsa, binti pekee wa Tsanko, yuko Uhispania miaka mingi, anatunza wazee huko, na hata dada yangu alipofariki binti huyu alitumiwa tanzia hivyo hivyo kwa simu akafika tumeshazika, na nauli za ndege unazijua zilivyo. Zornitsa akampigia baba yake, simu imekatwa mtandao. Akanipigia mimi, imekatwa mtandao. Akampigia Yordanka, Yordanka akamwambia, “Iko mlangoni kwangu, mwanangu, Mungu amsamehe.” Akapanda ndege ya kwanza. Yordanka anasema Jumapili alipomwona Tsanko anakula tikiti nje ya lango nusura aanguke, akakimbilia simu, lakini Zornitsa alikuwa angani tayari.

Jumapili mchana jua likakaa ninapolitaka. Nikamweka Tsanko kwenye benchi, kamera kwenye kigari upande wa pili wa barabara, nikamwambia, “Shemeji, rafiki yako anatokea kulia. Akisimama tu mbele yako, sema maneno yako. Usiniangalie mimi.” Rafiki alikuwa achezwe na Kamen wa pampu ya maji, naye Kamen akachelewa, yuko nyuma anafunga viatu. Nikawasha. Ikasimama gari kulia. Akashuka mwanamke kitambaa cheusi kichwani.

Alitembea mpaka pale, akasimama mbele ya benchi. Tsanko hana miwani akiwa kwenye filamu, nimemkataza, inang'aa. Akasema maneno yake kama nilivyomfundisha, polepole, vizuri kuliko mara zote:

“Umechelewa, lakini benchi lina nafasi.”

Shangazi, yule binti hakupiga ukelele. Alimshika baba yake masikio yote mawili, hivi, kama mtu anayeshika sufuria, akamwangalia, kisha akakaa chini kwenye vumbi na kichwa juu ya viatu vya baba yake, na Tsanko akawa anasema “Zorni? Zorni?” huku anampapasa kitambaa kama anatafuta mtu ndani yake. Na mimi sikuzima. Nasema ukweli, kidole kilikuwa juu ya kitufe na sikuzima. Hata nilisukuma kigari. Kikaenda kama siagi.

Baadaye akainuka akaniona ng'ambo. Taa nyekundu ya kamera huwa naiziba kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, waigizaji wasiiangalie, kwa hiyo mtu hawezi kujua kama inawaka au haiwaki. Akaniuliza kutoka pale pale:

“Mjomba, hiyo inawaka?”

“Haiwaki, mwanangu,” nikasema. “Betri imekufa.”

Siku ile ya harusi nilijifanya inawaka na imezimika. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kusema imezimika na inawaka.

Jioni hiyo nilibandua ya kituoni na ya dukani, Yordanka amenisimamia na ufagio. Zornitsa amechukua likizo yake yote, yuko kwa baba yake, anachoma pilipili uani moshi unakuja mpaka kwangu, na akipita mbele ya karakana anapita kama kumefungwa. Neno moja tu ameniambia tangu siku hiyo, “Simu ilikuwa imezimwa, mjomba.” Tsanko naye hataki tena kukaa mbele ya kamera. “Nimeshakufa mara moja,” anasema, “inatosha, nisije nikazoea.” Sikukuu ya Bikira imekaribia, shuka nyeupe imeshashonwa ya kutundika ukuta wa jumba la utamaduni, Svilen ameshawaambia watu anakuja, na mimi filamu yangu haina mwisho, ila ninao mwisho mmoja, ule, nimeutazama mara nyingi peke yangu na kila mara nalia mimi niliyeupiga. Hakuna mwigizaji wa dunia hii anayeweza kushika masikio vile.

Filamu nitaimaliza, hilo halina mjadala, hata nikibaki na kamera na mguu mmoja. Ninachouliza ni hiki tu. Niuweke mwisho ule, na Zornitsa auone siku hiyo pamoja na kijiji chote, akiona ulivyo mzuri atanisamehe palepale watu wakipiga makofi? Au nisiuweke, nionyeshe filamu yenye kichwa haina miguu? Mke wangu anasema nikuulize wewe kwa sababu yeye ameshanijibu na jibu lake sikulipenda.

Ni mimi Gancho, wa matairi na wa kamera,
Dolna Krusha.

*

Gancho mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuniuliza kuna nini. Ya pili sikucheka. Kuhusu kamera kukaa chini ya Danubi nanyamaza, kila mtu na mto wake.

Unauliza uiweke picha ile au usiiweke. Swali hilo huna ruhusa ya kuliuliza, kwa sababu picha ile si yako. Kamera ni yako, lenzi ya baba yako ni yako, kigari na hewa yake ni vyako. Yule mwanamke aliyekaa kwenye vumbi si wako. Hakuja kwenye filamu. Alikuja kuzika.

Na sasa nikukalie kitako kidogo, maana mke wako naona amechoka. Umeniandikia kurasa nne. Lenzi imepata nafasi yake, kifuniko cha matango kimepata nafasi yake, pilipili za darini zimepata. Stanka, dada yako wa tumbo moja, ambaye hata jina lake hukulitaja na ikabidi mimi nikumbuke, kwa kuwa nilisoma naye shule moja, umempa nusu ya sentensi, kisha haraka haraka ukakimbilia nauli za ndege. Rudi uisome hiyo nusu ya sentensi. Msichana alijulishwa kifo cha mama yake kwa picha ya karatasi kwenye simu, akafika kaburi limeshafukiwa. Miaka imepita, ikaja picha nyingine, karatasi ile ile, ukingo ule ule, safari hii baba. Akapiga simu, kimya. Fikiria alivyokaa kwenye ndege. Halafu anashuka, anamkuta baba yake hai, na neno la kwanza linalotoka kinywani mwa baba ni kwamba amechelewa.

Neno hilo uliandika wewe, Gancho. Najua hukumwandikia yeye. Lakini wewe ndiye uliyebandika, wewe ndiye uliyekata simu zote mbili, na wewe ndiye uliyesema haiwaki. Ya kwanza na ya pili ni uzembe wa mtu mwenye shauku, nakusamehe hata mimi nisiyehusika. Ya tatu ni uongo, uliosemwa kwa mtu aliyetoka kukaa chini barabarani.

Na ile ndoto yako ya kwamba ataona, watu watapiga makofi, na atakusamehe palepale, itoe kichwani kabla hujamaliza kusoma mstari huu. Unataka kumkalisha safu ya mbele na kumwonyesha Svilen, Yordanka na kijiji kizima jinsi alivyoanguka. Wakipiga makofi atasimama na kutoka, na safari hiyo hatarudi kwa tanzia yoyote, hata ile ya kweli.

Haya, nimemaliza kukupigia kelele. Sasa nikupe haki yako. Mtu asiye na haya asingeniandikia, angeionyesha tu. Na mtu asiye na jicho asingejua kwamba alichokiona kilikuwa kikubwa. Mzee anayekaa nje ya lango lake kungoja nani atamlilia, hilo umelitunga kwa pete ya kifuniko cha matango, na wenye mizinga na droni wanatafuta wazo kama hilo mpaka nywele zinawatoka. Kwa hiyo sikuambii uache. Nakuambia uimalize, na nakuambia jinsi ya kuimaliza.

Kesho, sio keshokutwa, chukua kamera yenyewe na kadi ikiwa ndani. Bandua ule utepe mweusi kwenye taa nyekundu, uutupe, na usiurudishe tena hata kwa filamu nyingine, waigizaji wako watazoea. Nenda kwa Zornitsa anapochoma pilipili. Usimsubiri akukaribishe, hatakukaribisha. Mwambie hivi: “Ilikuwa inawaka. Nilikudanganya. Hii hapa.” Umpe mkononi. Usimwambie ni nzuri. Usimwambie ulilia. Usitaje sikukuu, usitaje Svilen, na nakuapia ukitaja siagi nitakuja huko mwenyewe. Kisha shika koleo umsaidie kugeuza pilipili, au uondoke, atakavyo yeye. Akitaka kuitazama, ataitazama. Akitaka kuifuta, mwonyeshe kitufe cha kufutia na ugeuke pembeni. Akitaka kuondoka nayo Uhispania, mpe na kadi, na useme asante.

Hapo utaniuliza, na mwisho wa filamu je? Nimeshakusikia ukiuliza tangu nilipoanza. Mwisho unao, uko ndani ya simu ya Tsanko. Umesema mwenyewe sauti yako ni safi mpaka anasikika anavyomeza mate. Siku zote za mazoezi umemnasa akisema maneno yale, chagua mara moja aliyosema vizuri kabla ya Jumapili ile, sio ya Jumapili. Kisha subiri jua likae unapolitaka, weka kamera kwenye kigari chako ng'ambo ya barabara, na upige benchi. Benchi tu, tupu, nje ya lango. Benchi halikatai, halijazoea kufa, halina miwani. Sukuma kigari polepole, na sauti ya Tsanko isikike: lina nafasi. Kila anayekaa mbele ya shuka ile atajikuta anajiuliza nani anamdai kuja kukaa pale. Hakuna gharama, hakuna mwigizaji, na hakuna wa kuumia. Sehemu ya “umechelewa” muulize Zornitsa. Akisema itoke, ikate. Unajua kukata.

Mengine madogo. Mwambie Yordanka asitume tena tanzia ya mtu kabla hajagonga mlango wa marehemu. Simu ya Tsanko kuanzia leo haizimwi kwa ajili ya sanaa yoyote, nunua kinasa sauti kidogo cha mtumba, kipo, wewe mtu wa mtumba utakipata. Na mke wako mpikie siku moja, maana jibu hili lote alishakupa bure.

Na liko moja hukuliandika, nami ndilo nililolisubiri mpaka mwisho wa barua. Umesema ulichapisha tatu. Umebandua ya kituoni, umebandua ya dukani. Ile ya stendi ya mjini, Gancho, bado ipo. Naijua kwa sababu napita pale kila asubuhi nikija kazini. Ulitaka picha ya watu wanapita bila kusimama. Mimi nilisimama. Nilisoma jina, nikamkumbuka akimchukua Stanka kwenye baiskeli, nikasema Mungu amsamehe, na jioni nikaenda kanisani kumwashia mshumaa.

Ningeweza kuibandua mwenyewe, ni hatua chache kutoka ofisini, lakini nimeiacha kwa makusudi. Njoo uibandue wewe, na usije peke yako. Baada ya kumkabidhi kamera, muombe Zornitsa mje pamoja, na kama hakukubali kesho, muombe tena keshokutwa. Mpe aichane yeye.

Sikukuu ya Bikira nitakuja Dolna Krusha. Nitakuja na bakuli la ngano lenye sukari ya kutosha, kwa sababu namdai Tsanko mshumaa. Nitakaa safu ya pili. Ya mbele nataka kumwona yeye hai na binti yake pembeni, wote wawili wakijua tangu nyumbani watakachokwenda kukiona.

Shangazi Parashkeva